Bei ya Jina: Mwongozo wa Gharama za Kununua Franchaizi, kwa Hesabu za Malindi

Karatasi ilikuwa ya kung'aa, imekunjwa mara tatu, na juu yake kuku wa kukaanga aliyepigwa picha akapendeza kuliko kuku yeyote niliyewahi kumla. Chini ya kuku: "Miliki duka lako kwa 1,500,000 tu." Shemeji yangu aliitandaza barazani kwangu, Shella ya Malindi, akaizuia kwa kikombe cha kahawa isipeperuke. Alikuwa ameuza kiwanja chake cha Muyeye na pesa zilikuwa zinamwasha.

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa mahesabu. Nilipe?"

Mimi hufunga vitabu vya maduka madogo hapa mjini. Nikamwambia anipe siku tatu na kalamu. Mwongozo huu ni zile siku tatu, zimepangwa upya kwa hatua ili mwingine asianze sifuri. Bei za mfano, kwa shilingi za Kenya, ni zetu sisi za kupigia hesabu, si za kampuni yoyote. Viwango vya kodi na vifungu vya sheria ni vya Kenya.

Hatua ya kwanza: jua unanunua nini

Wengi wetu tunaujua uwakala. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kila mtaa una mtu aliyekaa nyuma ya kidirisha chini ya jina la kampuni kubwa, na kila muamala unampa kamisheni. Franchaizi inafanana na hilo kwa rangi ya ukuta tu. Wakala hulipwa kamisheni na mwenye jina. Mwenye duka la franchaizi ndiye anayemlipa mwenye jina.

Unacholipia ni ruhusa: kutumia jina, mapishi, mpangilio wa duka na mfumo wa kazi, kwa muda ulioandikwa na katika eneo lililoandikwa. Muda ukiisha, jina linarudi kwa mwenyewe, na wewe unabaki na vigae na friji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye jina liwe "miaka mingapi?" Bei ifuate baadaye. Kwenye karatasi ya shemeji jibu lilikuwa 5, kwa herufi ndogo kuliko miguu ya kuku.

Hatua ya pili: piga jumla ya kufungua mlango

Ile 1,500,000 ni ada ya kuingilia. Hulipwa mara moja, na kwa kawaida hairudi hata duka lisipofunguliwa. Uliza kwa maandishi: nikikosa chumba, au kaunti ikininyima leseni, narudishiwa ngapi?

Kisha anza kushuka ngazi. Mwenye jina akiwa amesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ada hiyo huongezwa asilimia 16, yaani 240,000. Ukiwa nawe umesajiliwa unaweza kuidai, lakini pesa inatoka mfukoni kwanza. Chumba tulichokiona, kwenye Barabara ya Lamu, kodi yake ni 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka amana ya miezi mitatu: 240,000. Mpangaji anayetoka naye anataka gudwili, 400,000, ambayo kwa kweli ni malipo ya yeye kusimama na kuondoka. Ukarabati na bango kwa michoro ya mwenye jina, 1,300,000. Mashine za kukaangia, friji, jenereta, 1,900,000. Mafunzo "ya bure" Nairobi: mafunzo ni bure, ila nauli, malazi na chakula cha watu wanne kwa wiki tatu ni 180,000. Wakili, usajili, ushuru wa stempu kwenye mkataba wa chumba, leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wapishi, ukaguzi wa zimamoto, ada ya bango, na leseni ya muziki kama utapiga muziki: tukaweka 160,000. Bidhaa za kuanzia 350,000. Sherehe ya ufunguzi, ambayo mkataba unailazimisha, 150,000.

Halafu kuna mtaji wa kuendeshea, pesa ya kulipa mishahara na stima kabla duka halijajitegemea. Karatasi za kung'aa huusahau karibu kila mara. Tukaweka 900,000.

Shemeji alijumlisha mwenyewe kwenye simu, akafuta, akajumlisha tena. 7,320,000. Ile bei ya karatasi ilikuwa kama moja ya tano.

Neno moja kuhusu ukarabati. Michoro huchorwa kwa ajili ya maduka makubwa ya Nairobi yenye kiyoyozi na kuta za kioo. Hapa hewa ina chumvi. Bango la bati na mashine ya nje ya kiyoyozi huliwa na kutu haraka kuliko makisio ya mchoraji wa bara. Omba ruhusa ya kutumia vifaa vinavyostahimili pwani, na uombe kabla ya kusaini.

Na kama macho yako yako Lamu, ongeza safu nyingine. Mzigo unatoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, unashushwa, unapanda boti, unashushwa tena, kisha mkokoteni au punda mpaka mlangoni. Kila mkono unaougusa unalipwa, na kuku aliyegandishwa hasubiri. Mji wa Kale wa Lamu pia uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na sura ya nyumba zake haibadilishwi kiholela. Bango la plastiki linalowaka taa, ambalo mkataba wako unalilazimisha, linaweza lisikubalike kule. Usijiweke kati ya mkataba na mji.

Hatua ya tatu: elewa mrabaha kabla ya kitu kingine

Mrabaha ni asilimia ya mauzo ambayo mwenye jina huchukua kila mwezi, au kila wiki. Usiuchanganye na murabaha ya benki za Kiislamu, ingawa maneno haya yametoka tumbo moja la Kiarabu, la kupata faida. Katika murabaha muuzaji anakutajia waziwazi amenunua kwa ngapi na anakuuzia kwa faida gani. Laiti na mambo ya franchaizi yangekuwa hivyo; tutafika huko.

Hapa ndipo shemeji aliponielewa, kwa sababu baba yake alikuwa mvuvi. Chombo kikirudi, samaki wanauzwa, mafuta na barafu hutolewa kwanza, kisha kilichobaki ndicho hugawanywa kati ya chombo na mabaharia. Safari ikiwa mbaya, wote wanalala na mbaya. Mrabaha unageuza mgawo huo. Mwenye jina anachukua fungu lake samaki wakiwa bado mchangani, kabla hujahesabu mafuta. Ukirudi na hasara, yeye keshakula.

Karatasi ilisema asilimia 6 ya mrabaha na asilimia 3 ya mfuko wa matangazo. "Tisa tu, shemeji. Hata kumi haijafika." Basi tukachukua mwezi mzuri, Desemba, kwa mauzo ya 1,200,000 bila VAT. Bidhaa zinakula asilimia 40, yaani 480,000. Kodi ya chumba 80,000, mishahara 180,000, stima, gesi na maji 75,000, vidogovidogo 47,000. Kabla ya mwenye jina kuonekana, duka limebakiwa na 338,000. Mrabaha ni 72,000 na matangazo 36,000, jumla 108,000. Mwenye duka anabaki na 230,000.

Mia na nane kati ya mia tatu thelathini na nane. Asilimia 9 ya mauzo imegeuka karibu theluthi ya faida. Fanya hesabu hii kwa kalamu yako mwenyewe, kwa biashara yako. Ukiiruka, utabaki ukiamini kwamba tisa ni ndogo.

Sasa soma namna mkataba unavyoeleza "mauzo ghafi". Ni pamoja na VAT au bila? Kwa mauzo ya 1,200,000, VAT ni 192,000 ambayo si mali yako, ni ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Kifungu kikisema "pesa zote zinazopita kwenye mashine", utalipa asilimia 9 ya kodi ya serikali pia: 17,280 kila mwezi kama huo. Angalia vilevile chakula kilichorudishwa, punguzo, na oda za programu za simu, ambako programu inakata kamisheni yake lakini mrabaha unapigwa kwa bei kamili.

Hatua ya nne: tafuta ada zisizoitwa ada

Hii ilitula siku nzima ya pili, na ningekushauri uipe siku nzima wewe pia.

Ya kwanza ni bidhaa za lazima. Mkataba unasema unga wa kupakia kuku, viungo, mifuko na vikombe vinunuliwe kwa mwenye jina au kwa muuzaji aliyemteua. Sababu iliyotajwa ni ladha moja kila mahali, na ni sababu ya kweli. Lakini bei yao ina faida ndani yake, na faida hiyo hakuna anayekutajia. Ndiyo tofauti na murabaha niliyoisema. Chukua orodha yao, nenda nayo sokoni na kwa wauzaji wa jumla wa Mombasa, andika bei mbili kwa mbili. Viungo vya siri huwezi kulinganisha. Vikombe vya karatasi unaweza. Sehemu ambayo tofauti ni kubwa na hakuna siri yoyote, omba uruhusiwe kununua mwenyewe kwa kiwango kilekile cha ubora. Omba pia kiingizwe kifungu cha bei: isipande bila taarifa ya siku kadhaa.

Ya pili ni mrabaha wa chini. Ulikuwa ukurasa wa 14 wa mkataba: "asilimia 6 au 40,000, kiasi kilicho kikubwa". Desemba hutausikia. Subiri Mei.

Ya tatu ni programu ya mashine ya mauzo, inayolipiwa kila mwezi. Ya nne ni mabadiliko ya sura: mwenye jina akibadilisha rangi za kampuni, nawe unabadilisha, kwa gharama yako, hata kama duka lako lina miaka miwili. Weka kikomo cha pesa na cha miaka. Ya tano, riba ya kuchelewesha malipo. Ya sita, ada ya ukaguzi wa vitabu, ambayo mikataba mingi humtwika mwenye duka pale mauzo yanapopatikana yamepunguzwa. Kama vitabu vyako ni safi haitakuuma.

Kuhusu mfuko wa matangazo, uliza zinaenda wapi. Bango la Nairobi haliniletei mteja wa Maweni. Shemeji aliomba nusu ya asilimia zile tatu itumike hapahapa: redio za pwani, vipeperushi kwa madereva wa tuktuk.

Hatua ya tano: kodi ndani ya ada

Mrabaha ni moja ya malipo yanayokatwa kodi ya zuio. Ukimlipa mkazi wa Kenya unakata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Ukimlipa asiye mkazi ni asilimia 20, isipokuwa kuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili unaopunguza. Kwa mrabaha wa 72,000 wa ndani, unapeleka KRA 3,600 na kumtumia mwenye jina 68,400. Hapo hujaongezewa mzigo.

Mzigo unaingia kwa neno dogo: "malipo yote yatafika bila makato ya kodi". Maana yake kodi ni yako. Kwa kampuni ya nje, ili ifikiwe na 100 kamili, inakubidi uhesabu 125, kwa sababu asilimia 20 ya 125 ni 25. Robo nzima imeongezeka juu ya mrabaha na hakuna mahali karatasi ilipoitaja.

Dai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kila ada, ya kuingilia na ya kila mwezi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo KRA kwa kawaida haiikubali kupunguza kodi yako ya mapato. Na mauzo yakifika 5,000,000 kwa mwaka, kujisajili kwa VAT ni lazima.

Hatua ya sita: peleka hesabu mpaka masika

Makisio ya mwenye jina yalikuwa na mwezi mmoja uliozidishwa kwa 12. Mtu aliyeyaandika hajawahi kukaa Malindi mwezi wa Mei.

Sisi mwaka wetu una pumzi mbili. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, Waitaliano wamejaa, hoteli zimewasha taa zote, na hata muuza madafu hana muda wa kusalimiana. Aprili mvua inafungua mlango, hoteli kadhaa zinafunga, wafanyakazi wanatumwa nyumbani, na mfanyakazi asiye na mshahara hali kuku wa duka. Julai inaanza kupata uhai tena. Na miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye kaskazi yenyewe, kwa hiyo mauzo ya mchana ya mwezi mmoja mzuri hupungua, ingawa baada ya futari watu hutoka.

Tukachukua Mei kwa mauzo ya 450,000. Bidhaa 180,000. Kodi ya chumba 80,000 ileile. Mishahara tukaibana mpaka 130,000. Stima 55,000, maana friji haijui msimu. Vidogovidogo 40,000. Duka liko chini kwa 35,000 kabla ya ada. Mrabaha na matangazo 40,500. Hasara: 75,500. Na ule mrabaha wa chini wa ukurasa wa 14 ukiwekwa, 27,000 inakuwa 40,000, hasara inafika 88,500.

Shemeji alinyamaza kidogo hapo. Akauliza kama kahawa imebaki.

Tukaunganisha mwaka, bila mrabaha wa chini: miezi minne ya 230,000, miezi mitatu ya hasara ya 75,500, na mitano ya katikati tuliyoipa 70,000 kila mmoja. Inabaki 1,043,500. Toa kwenye mtaji vile vinavyoweza kurudi, yaani pesa ya kuendeshea, amana na VAT, zimezama 5,940,000. Gawanya. Miaka 5 na karibu miezi 8 kurudisha pesa yake, kabla ya kodi ya mapato na bila kujilipa hata shilingi ya kazi yake. Mkataba ni wa miaka 5.

Hatua ya saba: hakiki jina na mwenyewe

Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi. Mkataba wako ndio ngao yako, pamoja na sheria za kawaida za mikataba, alama za biashara na ushindani. Marekani mwenye jina analazimika kukupa waraka wa ufichuzi wenye vipengele 23, siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Afrika Kusini nako wanatoa waraka, na sheria yao ya wateja ya 2008 inakupa siku 10 za kazi kubadili mawazo baada ya kusaini. Hapa huna haki hiyo, lakini una mdomo. Jina likiwa la Kimarekani, omba waraka wanaoutoa kwao. Kipengele cha 5 ni ada za mwanzo, cha 6 ada nyingine zote, cha 7 makisio ya mtaji, na cha 20 kina maduka yaliyofunguliwa na yaliyofungwa. Dola zao hazitalingana na za Malindi, ila majina ya ada ni yaleyale.

Jina lenyewe litafute KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara Kenya. Usajili wa alama hapa ni wa miaka 10 na huhuishwa. Alama isiyosajiliwa Kenya ni upepo unaouziwa. Kampuni yake itolee CR12, hati ya msajili wa kampuni, uone wakurugenzi na wenye hisa ni akina nani.

Kisha nenda dukani. Shemeji alipanda matatu hadi mji mwingine wa pwani wenye duka la jina hilo, siku ya Jumanne, akanunua soda na kukaa kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa na daftari la shule la mwanawe. Kila mteja kijiti, vitano vitano. Alirudi na vijiti 41. Makisio yalisema wateja 180 kwa siku. Alizungumza pia na mwenye duka, kwa sauti ya chini, nyuma karibu na mapipa, na aliyoyasikia kuhusu bei ya vikombe yalifanana sana na orodha yetu.

Hatua ya nane: chumba na mlango wa kutokea

Muda wa chumba na muda wa franchaizi viende pamoja. Upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu wapangaji wa maduka: mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi au kukutoa bila kufuata taratibu, na mizozo huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo sababu utaletewa mikataba ya miaka 5 na miezi 3. Ile miezi mitatu si zawadi.

Uliza kutoka ni kiasi gani: ada ya kuhuisha, ada ya kumuuzia mwingine, na kama unazuiwa kuuza kuku mji huu baada ya hapo, kwa muda gani. Uliza eneo lako linaishia wapi. "Malindi" iandikwe kwa mipaka, na Watamu itajwe kwa jina, imo au haimo. Dhamana ya mali yako binafsi isome na wakili wako mwenyewe, usiyeletewa na wao.

Shemeji aliandika barua ya ukurasa mmoja yenye maombi matano. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Mauzo yatahesabiwa bila VAT. Mrabaha wa chini utasitishwa Aprili hadi Juni. Muda umekuwa miaka 7, bila ada ya kuhuisha mara ya kwanza. Vikombe na mifuko anaweza kununua mwenyewe akipeleka sampuli. Nusu ya pesa za matangazo kutumika Malindi, wamekataa.

Hajalipa. Amesema atarudi kule na daftari mwezi wa Agosti, ahesabu tena.